Dozi Mbili za Gwakisa

Gwakisa alikuwa na duka la spea za malori pale Uyole, barabarani kabisa, na mpaka anavuka miaka hamsini hakuwahi kulazwa hospitali hata siku moja. Jambo hilo alijivunia kuliko hata duka lenyewe. Kwa hiyo asubuhi moja ya Juni, baridi ikiwa imekaza, alipoamka na kukuta kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba mpaka ngozi inang'aa, hakutaka kusema anaumwa. Alisema amejigonga. Kesho yake akasema ni viatu. Baadaye, alipofika mahali ambapo hata shuka likigusa kidole anauma meno, akasema ni sakafu ya dukani, sementi ile inatoa ubaridi.

Mkewe Tekla alivisikiliza visababu hivyo vyote huku akikanda mguu kwa maji ya chumvi. Alikuwa Mhehe wa vijiji vya upande wa Tosamaganga, ameolewa Mbeya angali binti, na nyumba yao ya Ilomba ilikuwa imesimama kwa sababu yeye hakuchoka kurudia neno lile lile mpaka lifanyike. Alimwambia aende hospitali. Akamwambia tena. Mwishowe alimpigia simu Jailos, jirani yao wa duka, akaja na pikapu, wakampakia Gwakisa kama gunia la viazi.

Hospitali walimpima damu wakasema ni gauti. Daktari alieleza taratibu, mke na mume wote wakiwa mbele yake. Kuna asidi imezidi mwilini, inaganda kwenye viungo na kuwa kama mchanga wenye ncha, ndiyo maana kidole kinauma vile. Akampa dawa mbili. Ya kwanza, alopurinoli, ni ya kila siku, maumivu yawepo yasiwepo, maana kazi yake ni kushusha hiyo asidi polepole. Ya pili, kolchisini, ni kidonge kidogo cha kutuliza moto wa kidole, akimeze kwa miezi ya mwanzo na asizidishe hata kimoja. Akaonya kwamba asidi inapoanza kushuka kidole kinaweza kuwaka tena, asije akaogopa na kuacha dawa. Bia na pombe za kienyeji akae nazo mbali. Utumbo, maini na figo aache, nyama apunguze, maji anywe mengi. Vidonge vya maumivu vya dukani asiviguse, kwa sababu figo zake zimeshaanza kuchoka kutokana na presha ambayo amekuwa akiimezea kidonge. Na popote atakapokwenda kutibiwa, kwa ugonjwa wowote ule, azitaje dawa hizi mbili kabla ya kupewa nyingine.

Gwakisa aliitikia kila neno. Ndiyo daktari, sawa daktari, nimekuelewa daktari. Tekla alimtazama usoni akajua hajabakiza kichwani hata moja.

Ikawa hivyo. Wiki chache alimeza vizuri, kidole kikapoa, naye akaacha, akisema haoni sababu ya mtu mzima kumeza dawa. Mwezi uliofuata kidole kikawaka. Akarudi kwenye alopurinoli kwa pupa, kikawaka zaidi, kama daktari alivyokuwa ameonya, na hapo akatangaza kwamba sasa amegundua, dawa yenyewe ndiyo inayoleta ugonjwa. Tekla alimkumbusha maneno ya daktari. Gwakisa akasema daktari yule ni kijana. Tekla akasema ujana wa daktari haubadilishi damu ya mgonjwa. Mazungumzo haya waliyafanya mara nyingi mpaka kila mmoja akajua zamu yake ya kusema.

Chakula ndicho kilichomchosha Tekla kuliko dawa. Gwakisa alikuwa na hoja kwa kila sahani. Kitimoto ni nguruwe, kwa maelezo yake, si nyama nyekundu, kwa hiyo haihusiki. Supu ya utumbo ni supu, daktari alikataza utumbo, hakukataza supu yake. Bia moja si kunywa. Jailos naye, mtu mwema lakini mwenye jibu la kila kitu, alimletea habari kwamba maharage ndiyo sumu kubwa ya gauti, na Gwakisa, ambaye hakuwahi kukubali kuacha kitimoto, aliacha maharage siku hiyo hiyo. Tekla akaenda hospitali kuuliza. Wakamwambia maharage hayana neno, ampikie tu. Alipomwekea mezani aliyasogeza pembeni kwa kijiko akasema Jailos ana mjomba aliyekufa kwa maharage. Tekla aliondoka mezani akaenda kusimama nje, karibu na kamba ya nguo, mpaka hasira ikapungua, kisha akarudi kula maharage yake peke yake.

Kitu kimoja Gwakisa alikisisitiza bila kulegea: mtu yeyote asijue. Watu wa Uyole wanasema gauti ni ugonjwa wa walafi, wa wale wanaokula peke yao, naye hakutaka kusemwa. Zaidi ya wote, hakutaka ndugu za Tekla wajue. Alipokwenda kuposa, zamani hizo, baba yake Tekla alisita kumwoza binti yake kwa kijana wa gereji asiye na shamba wala ng'ombe, na tangu wakati huo kila alipokanyaga Iringa alitembea kama mtu anayekaguliwa. Wakiuliza habari ya mguu, Tekla aseme umeteguka. Tekla aliona ni upuuzi, lakini akasema umeteguka.

Aprili ilipofika, kaka yake Tekla, Crispin, mkulima na katekista kule kwao, aliandaa jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa yake. Wakasafiri. Njiani Gwakisa aliapa kwamba hatagusa pombe. Tekla aliendelea kutazama dirishani.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha na mianzi ilikuwa inatoa utomvu unaogemwa kuwa ulanzi. Baada ya misa watu walikaa kwenye turubai, ulanzi ukapita, kwanza mtogwa, ule mpya mtamu wanaokunywa hata watoto, halafu mkangafu, ule uliolala na kuchachuka mpaka unapanda kichwani. Tekla alikuwa jikoni na wifi zake wakigawa chakula, na kila alipopita na sinia alimwona mumewe ameshika kikombe kilichojaa. Mara ya kwanza alipitiliza. Mara ya pili alimkuta na bakuli la utumbo magotini. Akainama kama anayemkaribisha, akamnong'oneza kwamba inatosha sasa.

"Mke wangu ananihesabia vikombe," Gwakisa akasema kwa sauti, na wazee waliomzunguka wakacheka. Mmoja akamwambia Tekla amwache mkwe wao afurahi, ulanzi ni maji ya mmea. Tekla alitabasamu kwa adabu, akachukua sinia tupu, akarudi jikoni. Alipakua kwa hasira kiasi kwamba wifi yake, mke wa Crispin, alimwondolea sufuria ya moto.

Kulipokucha kidole kilikuwa kimewaka. Gwakisa alikuwa na kolchisini zake kwenye mfuko wa koti, akazitafuna mbili, baadaye tatu. Lakini kilichomfanya ajikunje asubuhi ile ni tumbo. Lilikuwa linamchoma kwa wiki kadhaa na hakuwa amemwambia mtu. Crispin alimwona akijipapasa chini ya kifua, akamuuliza, akaambiwa ni vidonda vya tumbo vya zamani. Crispin hakuwa mtu wa kumwacha mgeni akiumwa nyumbani kwake. Aliazima gari la jirani, akampeleka Iringa mjini kwa muuza dawa anayemwamini, huku Tekla amebaki akiosha vyombo vya sherehe.

Walirudi saa nane mchana na boksi la dozi ya vidonda vya tumbo, aina tatu za vidonge za kumeza asubuhi na jioni. Tekla alilichukua boksi, akaligeuza, akasoma majina asiyoyajua. Akamvuta mumewe pembeni, nyuma ya banda la kuku, akamuuliza kama amewatajia kule dukani dawa zake za gauti.

"Nimewaambia zote," Gwakisa akasema.

Akamuuliza tena, na wao wakasemaje. Gwakisa akasema wamesema hakuna shida, ameze tu. Tekla akaridhika. Baadaye alikuwa akilikumbuka banda lile la kuku na kujishangaa, kwa sababu alikuwa ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo, na ndiyo siku aliyochagua kumwamini.

Wakarudi Mbeya. Hapo likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Gwakisa, aliyeshindwa kumeza alopurinoli mwezi mzima mfululizo, alimeza dozi ile ya Iringa bila kukosa hata mara moja, kwa sababu Crispin alikuwa anampigia simu kila jioni kumuuliza kama amekunywa dawa, naye hakutaka kuonekana mzembe kwa shemeji yake. Na kwa kuwa kidole kilikuwa bado kinawaka, aliendelea kutafuna kolchisini kila kilipomchoma, akiwa dukani, ambako mkewe hakuwepo.

Kuhara kulianza. Akasema ni utumbo wa sherehe unatoka. Kutapika kukafuata. Akasema ni dozi inasafisha vidonda. Tekla alimpikia uji, akamwomba warudi hospitali, akaambiwa asubiri dozi iishe kwanza, mtu hakatishi dozi, si ndivyo yeye mwenyewe anavyosema siku zote? Kwa mara ya kwanza mumewe alikuwa amelishika neno lake, na alikuwa amelishika mahali pabaya.

Siku iliyofuata, Gwakisa alikaa kwenye stuli ya dukani akitafuta boliti kwenye droo ya chini, na alipotaka kuinuka miguu ilikataa. Haikuwa inauma. Ilikuwa haina nguvu tu, kama si yake. Jailos alimshika kwapani akamwinua, Gwakisa akaenda chini naye. Wakampakia tena kwenye pikapu, na safari hii hakutoa kisababu chochote.

Walimlaza. Dripu mikono miwili, damu ikachukuliwa, mkojo ukawa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Kabla hata majibu hayajatoka, dada yake Gwakisa, Atuganile, alikuwa ameshafika kutoka Tukuyu. Ni mwanamke mkubwa, mwenye heshima kanisani kwao, aliyemlea Gwakisa baada ya mama yao kufa, na alimpenda kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya mtu mwingine kumpenda. Alimtazama mdogo wake kitandani, midomo imekauka, macho yameingia ndani, akamuuliza alikula wapi mara ya mwisho. Alipoambiwa Iringa, hakuuliza tena.

Jioni ile ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba Gwakisa amelishwa kitu ukweni. Atuganile hakuisema kwa kupayuka. Aliisema kwa upole, kwenye simu, kwenye benchi la wodi, kwa kila aliyekuja kusalimia: mdogo wangu aliondoka hapa mzima, akaenda kwenye sherehe ya Wahehe, amerudi hivi, sisi tunamwachia Mungu. Tekla alikuwa amekaa benchi hilo hilo. Alimwita, wifi, akamweleza habari ya gauti na presha na vidonda vya tumbo. Atuganile alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika goti, akasema hajamtaja yeye, amewataja watu wa kule. Tekla alimwambia wale watu wa kule ni kaka yake. Atuganile akasema ndiyo, na hilo ndilo linalouma.

Gwakisa alikuwa anasikia yote. Kitanda chake kilikuwa hatua chache kutoka kwenye lile benchi. Alifumba macho.

Daktari wa wodi, Apolonia, alimwita Tekla asubuhi. Akamwambia figo zimeshuka sana, misuli inavunjika, na chembe nyeupe za damu zimepungua kwa namna isiyoelezwa na kuhara peke yake. Alitaka kuona dawa zote ambazo mgonjwa amemeza tangu mwezi uliopita, zote, hata za mitishamba, hata Panadol. Tekla alikwenda nyumbani akachukua zilizokuwa kabatini na zile za kwenye koti. Kisha, kwa kuwa alianza kumfahamu mumewe upya, akaenda Uyole. Alimwomba Jailos afungue droo za duka. Nyuma ya makopo ya grisi walikuta mfuko wa diklofenaki, vidonge vya maumivu alivyokatazwa, karatasi nyingi zikiwa tupu. Jailos alisema kwa aibu kwamba alijua, lakini alidhani Tekla naye anajua.

Tekla alimwaga kila kitu mezani kwa daktari. Daktari Apolonia alivipanga kwa kidole, akaweka boksi la vidonda vya tumbo karibu na chupa ya kolchisini. Halafu akaeleza. Kolchisini ni dawa nzuri lakini ina kipimo chembamba, kati ya kutibu na kudhuru hakuna umbali mkubwa. Ini na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Hii hapa, klaritromaisini, iliyomo kwenye dozi ya tumbo, inalizuia ini lisiitoe. Na figo zilikuwa zimeshaumizwa na presha na hizi za maumivu, ambazo ndizo pia, kwa maoni yake, zilizolichoma tumbo tangu mwanzo. Kwa hiyo kila kidonge cha kolchisini alichotafuna kilibaki ndani, na kingine kikaja juu yake. Hata kidonge kimoja cha presha, kile cha kukojoza, kilikuwa kinapandisha ile asidi ya gauti, na hicho angekibadilisha. Hakuna dawa ya kuiondoa kolchisini iliyozidi. Watampa maji, watalinda figo, watasubiri.

"Lakini aliwaambia," Tekla akasema. "Kule Iringa aliwaambia anatumia dawa za gauti."

Daktari alimwangalia. Akasema inawezekana, lakini muuza dawa yeyote anayejua kazi yake akilisikia jina hilo hatoi hii. Afadhali amuulize mwenyewe.

Tekla alisubiri Atuganile aende kunywa chai. Akavuta kiti karibu na kichwa cha mumewe, akamuuliza kwa sauti ya chini, neno kwa neno, yule muuza dawa alimuuliza nini. Gwakisa aligeuza uso ukutani. Kisha akasema aliulizwa kama kuna dawa nyingine anazotumia.

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna. Crispin alikuwa amesimama pale."

Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake yote. Tekla alihisi uchovu umempanda kutoka miguuni, uchovu wa maharage, wa vikombe, wa visababu vyote vya sementi na viatu. Angeweza kupiga kelele, lakini wodi ilikuwa imejaa. Alimwambia kwamba kaka yake anaitwa mlishaji sumu kuanzia hapa mpaka Tukuyu, na yeye amelala hapo amefumba macho wakati anajua alichomeza. Alimtaka amwambie dada yake ukweli leo. Gwakisa akasema atamwambia akipata nguvu. Tekla akamwambia mdomo haujapooza.

Hakusema siku hiyo, wala kesho yake. Atuganile aliendelea kukaa kwenye benchi na kuomba. Tekla angeweza kusema yeye mwenyewe, na alijaribu, alimweleza wifi yake habari ya dawa mbili zisizopatana kama daktari alivyomweleza. Atuganile akajibu kwamba mke mwema hulinda kwao, hamlaumu kwa hilo.

Crispin akaja bila kuitwa. Alikuwa amesikia kwa simu kwamba shemeji yake amelazwa, akapanda basi la alfajiri na kuku wa kuchemsha ndani ya hotipoti na unga wa ulezi aliousaga mkewe. Hakujua lolote kuhusu maneno yaliyokuwa yakizunguka. Aliingia wodini na koti lake la katekista, akamsalimu Atuganile kwa kuinama, akamwamkia na dada yake, akaenda moja kwa moja kitandani, akamshika Gwakisa mkono, na machozi yakamtoka. Halafu akafungua hotipoti.

Atuganile alisimama. Hakusukuma, hakugombana. Aliweka kiganja chake juu ya hotipoti akakifunga kifuniko, akasema, "Chakula cha kwenu atakula siku nyingine."

Crispin alibaki ameshika kijiko. Alimtazama Tekla, akamtazama yule mama, na polepole ikamwingia. Tekla aliona uso wa kaka yake ukibadilika, akamgeukia mumewe. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama.

"Dada," Gwakisa akasema kutoka kitandani. "Ondoa mkono."

Atuganile akamwambia apumzike. Gwakisa akarudia, aondoe mkono. Kisha akasema, akitweta kati ya sentensi na sentensi, kwamba ana gauti tangu mwaka jana. Kwamba mguu haukuwahi kuteguka. Kwamba alikuwa anameza dawa dukani kwa siri, na muuza dawa wa Iringa alimuuliza waziwazi naye akamdanganya, kwa sababu alimwonea aibu shemeji. "Hakuna aliyenilisha kitu," akasema. "Nimejilisha mwenyewe."

Aliomba kijiko. Hakuweza kukishika, misuli ya mkono ilikuwa bado haijakaa, kwa hiyo Crispin akamlisha mchuzi kidogo kidogo, kama anavyolishwa mtoto, na Gwakisa alimeza akitazama dari. Atuganile alikaa kwenye benchi akajifunika kanga mabegani. Hakuomba radhi siku ile, wala baadaye kwa maneno. Lakini Crispin alipoaga, alimsindikiza mpaka getini na kumwambia amsalimie mkewe.

Nje, kabla ya kupanda bajaji ya kwenda stendi, Crispin alimuuliza dada yake kwa nini hawakumwambia. Nyumbani kwao babu alikuwa na gauti, mjomba alikuwa nayo. Nani angecheka? Tekla akasema amuulize shemeji yake, yeye ameshachoka kumjibia.

Gwakisa alikaa wodini wiki kadhaa. Figo zilirudi, si zote, na daktari alimwambia asitegemee zirudi zote. Alopurinoli ilianzishwa upya baadaye kwa kipimo kidogo, kidonge cha presha kikabadilishwa, na tumbo likapimwa kwanza kabla ya kupewa dawa yoyote. Miguu ilijifunza kutembea kwa fimbo. Aliporudi Ilomba nywele zikaanza kunyonyoka, kwanza kwenye mto, halafu kwa viganja. Daktari Apolonia alikuwa amemwambia Tekla mapema kwamba hilo huweza kutokea mtu akishazidiwa na dawa ile, na kwamba zitaota tena.

Atuganile, aliposikia kwa simu habari ya nywele, akasema basi, hiyo si kazi ya dawa ya hospitali, wamtafutie mganga. Tekla alikuwa ameshika simu kwa bega huku anakoroga uji. Alimwangalia mumewe, aliyekuwa kibarazani akiota jua na kofia ya sufu kichwani. Alikwenda akampa simu, akamwambia, "Dada yako. Mweleze."

Akarudi jikoni. Kupitia dirishani alimsikia akianza kwa kusuasua, halafu akieleza yote tangu kidole cha kwanza, akikosea majina ya dawa, akirudi nyuma kuyarekebisha, akisema si hiyo dada, ile nyingine, ile inayozuia ini. Sehemu ya maharage aliielezea vibaya. Tekla alitaka kutoka amsahihishe, akajizuia. Ilichukua muda, kwa sababu upande wa pili walikuwa wanauliza sana. Mara mbili aliishusha simu sikioni kama anataka kuikata, na mara zote mbili akaendelea.

Alipomaliza aliita kwamba anasikia njaa. Tekla akamwambia uji haujaiva, na kwamba kuna vidonge vyake juu ya meza, amwambie vingapi na ni vya nini kabla ya kuvigusa. Gwakisa aliguna. Kisha, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa, akaanza kuvitaja.